Watoto wa Kimumu Waliokataa Kununua Ushindi

Saa nne kasorobo asubuhi, foleni ya watoto imeanzia mlangoni mwa darasa, ikapita chini ya madirisha na kufika karibu na mlingoti wa bendera. Harufu ya chapati inawafikia hadi wale wa mwisho kabisa. Wanasukumana kidogo, wanacheka, wanachungulia.

Mlangoni amesimama Kiprop, mwanafunzi wa Gredi ya Nne, amevaa kofia ya bawabu inayomfunika hadi nyusi. Kazi yake ni kuwaruhusu wenzake waingie mmoja mmoja.

Ndani, Mwalimu Nasambu Wabuge ameketi nyuma ya beseni la chapati. Kila anayeingia anapewa nusu. Lakini mwalimu haangalii chapati, anaangalia mlango.

Foleni inasonga vizuri kwa muda. Kisha mvulana mmoja anatoka nyuma kabisa, anamkaribia Kiprop na kumtia kitu kiganjani. Kiprop anageuza macho huku na huku, kisha anampisha. Msichana mwingine anaona, naye anatoka kwenye foleni. Halafu mwingine.

"Madam, hawa wametoka nyuma," analalamika Jeruto, msichana aliyekuwa amebakiza hatua moja kufika mlangoni na bado hajaingia.

"Mwambie bawabu," mwalimu anajibu.

Bawabu ana shughuli. Mfuko wa kaptura yake umevimba kwa peremende.

Beseni linapobaki tupu, kundi kubwa la watoto bado liko nje, na wengi wao walifika kabla ya waliopishwa. Jeruto ana machozi. Wavulana wawili wanataka kumvua Kiprop ile kofia kwa nguvu. Darasa lote linazungumza kwa pamoja.

Hapo Nasambu anasimama, anawaita wote ndani na kufunga mlango. Ndipo somo la leo linaanza.

Peremende ni yeye aliyewapa watoto kadhaa kabla ya kengele, akiwanong'oneza kwamba anayetaka kuingia haraka anaweza kuzitumia. Kiprop hakuambiwa chochote zaidi ya kusimamia mlango.

"Sikumwambia apokee, wala sikumwambia akatae," anamweleza mwandishi wa makala haya. "Huwa simwambii bawabu. Kila darasa hufika pale lenyewe."

Kisha mwalimu anamwuliza Kiprop alijisikiaje.

"Mara ya kwanza niliona poa," anajibu mtoto, ameishika kofia kwa mikono miwili. "Halafu nikaona Jeruto anataka kulia. Lakini nilikuwa nishachukua nyingi, sikujua nitaacha aje."

Nasambu anawageukia wengine. "Mmesikia? Hakujua ataacha vipi. Mtu mzima ofisini naye huanza hivyo hivyo, kwa peremende moja."

Kisha anatoa beseni la pili lililokuwa limefichwa kabatini, kwa kuwa hakuna mtoto anayeondoka katika somo lake bila kula. Machozi yanasahaulika haraka. Lakini kabla ya kula, wanafanya mazoezi wawili wawili: mmoja anaomba "kitu kidogo", mwingine anakataa.

Kukataa, anawafundisha, si kupiga kelele. "Sema kwa sauti ya kawaida, watu wakusikie: nitangoja zamu yangu. Uliza huyo mtu anaitwa nani. Kama ni malipo ya kweli, omba risiti. Na ukiogopa, usibishane na mtu mzima peke yako. Nenda kwa mkubwa unayemwamini, umwambie neno kwa neno."

Kwa nini wasipige kelele? "Kwa sababu anayeomba hongo anapenda sana mgombane," anasema. "Mkigombana, wewe ndiye utaonekana mkorofi. Ukiongea kawaida, yeye ndiye anatafuta pa kujificha."

Darasa linajaa sauti. Watoto wanaigiza karani wa ofisi, daktari, polisi, refa wa mpira. Mmoja anaomba hongo kwa sauti nzito kama ya mzee mwenye mafua, na mwenzake anashindwa kukataa kwa sababu ya kicheko. Nasambu naye anacheka hadi anashika meza.

Nasambu, mwenye umri wa miaka 34, anafundisha Kiswahili katika shule hii ya msingi mtaani Kimumu, kaskazini mwa mji wa Eldoret. Ameajiriwa na halmashauri ya shule kwa mshahara wa Sh12,000 kwa mwezi, huku akisubiri ajira ya kudumu aliyoiomba muda mrefu uliopita. Unga wa chapati hununua mwenyewe.

Somo la foleni halikutoka katika kitabu chochote. Lilitoka kwa mamake.

Nasambu alipokuwa msichana mdogo katika kaunti ya Bungoma, madaktari wa macho walipiga kambi katika zahanati moja kwa siku chache, wakitibu watu bila malipo. Mamake, Mama Nelima, alikuwa na jicho la kushoto lililoanza kuingia ukungu. Aliamka kabla ya jogoo, akamshika Nasambu mkono na kwenda kupanga foleni.

"Tulikuwa karibu na mlango," Nasambu anakumbuka. "Kila tukisogea, watu walipita pembeni. Walikuwa wanasalimiana na mlinzi wa pale langoni, lakini ile salamu ilikuwa na noti ndani. Mimi ndiye niliona, kwa sababu nilikuwa mfupi, macho yangu yalikuwa usawa wa mikono yao."

Walirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne walikuta mahema yameng'olewa. Jicho la kushoto la Mama Nelima halikuona tena.

Babake Nasambu, Mzee Wabuge, baadaye alipata kibarua katika karakana ya mbao mjini Eldoret na kuihamisha familia. Alifariki Nasambu akiwa chuo cha ualimu. Leo Mama Nelima anaishi na binti yake katika nyumba ya vyumba viwili Kimumu, na ndiye anayesukuma chapati za somo.

"Mimi sikujua jicho langu litakuja kufundisha watu," anasema mama huyo, akipangusa unga mikononi. "Huyu mtoto alikuwa ananiuliza kila siku: mama, kwa nini hukumwambia yule mtu? Nikamwambia, ningemwambia nini? Hakuna mtu alinifundisha la kusema."

Jibu hilo lilimkaa Nasambu. Watoto huambiwa ufisadi ni mbaya, anasema, huimba hata nyimbo kuuhusu, lakini hakuna anayewapa maneno ya kutumia siku ile wanapoombwa.

Basi alianza kuwapa maneno. Mwaka huu, maneno hayo yalipata mtihani ambao hakuupanga.

Mapema muhula uliopita, kikundi kimoja cha wapenda sanaa kiliandaa mashindano ya michezo ya kuigiza kwa shule za msingi za Eldoret na viunga vyake. Shule mbili bora zingekwenda fainali mjini Nakuru. Nasambu aliandika mchezo uitwao *Bomba la Mtaa*, kuhusu msimamizi wa bomba la maji, Bwana Mfereji, anayewafungulia maji wale tu wanaompa chochote.

Nafasi ya Bwana Mfereji ilichukuliwa na Ciku, msichana wa Gredi ya Sita mwenye sauti inayofika barabarani. Alivaa koti la babu yake, Mzee Nderitu, mwenye duka la vyakula mtaani na mwenyekiti wa wazazi shuleni. Mzee huyo ndiye aliyelipia mavazi na basi la kukodi. Watoto walifanya mazoezi kila jioni, mvua au jua.

Siku ya mashindano walifika mapema katika ukumbi karibu na mtaa wa Elgon View. Watoto walikuwa bado ndani ya basi wakipakana poda usoni, madirisha wazi, wakati kijana nadhifu aliyejitambulisha kama Lennox alipomwita Nasambu kando. Alikuwa mratibu wa siku hiyo, mwenye jukumu la kukusanya alama za majaji na kuzijumlisha.

Kando yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka kwenye basi.

"Madam, mchezo wenu nimesikia ni moto," Lennox alimwambia. "Lakini si unajua vile mambo huenda. Majaji wamekaa, koo zimekauka. Hata redio iwe nzuri namna gani, bila betri haiongei."

Nasambu anasema mwanzoni hakuelewa. "Nilidhani kweli anatafuta betri za kipaza sauti. Nikamwambia tuna mbili kwenye mkoba."

Lennox alitabasamu na kutaja kiasi: elfu tano. Kisha akaondoka kuelekea kwenye basi la shule nyingine.

Mzee Nderitu, aliyekuwa amesafiri nao na kusimama karibu na Nasambu, tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni.

"Mwalimu, wacha nimalize hii maneno," alisema.

"Hapana, Mzee."

"Hawa watoto wamenyeshewa wakifanya mazoezi. Ukikataa, utawaambia nini wakirudi nyumbani bila kitu?"

"Na tukilipa, Mzee, nitawaambia nini kesho darasani?"

Mzee Nderitu haoni haya kukiri kwamba alikasirika. "Mimi ni mtu wa biashara," anamwambia mwandishi dukani kwake. "Nimetoka Nyeri nikiwa kijana, nimefungua duka hapa, na kuna milango mingi maishani imefunguka kwa sababu nililipa. Kwangu ilikuwa kama nauli tu. Niliona mwalimu anafanya siasa na ndoto za watoto."

Walipokuwa wakibishana, ukimya wa basi uliwashtua. Nasambu alipogeuka, aliona nyuso zenye poda zimejaa madirishani. Walikuwa wamesikia kila kitu.

Angeweza kuwaambia hayawahusu. Badala yake aliingia ndani ya basi, akasimama kati ya viti na kuwaeleza yote, pamoja na uwezekano wa kushindwa.

"Nikawaambia, mchezo ni wenu. Mtu aseme anavyofikiria, hakuna atakayekasirikiwa."

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Lenny, mvulana aliyeigiza mtungi uliopasuka, sehemu iliyowachekesha watu zaidi. "Mimi nataka tulipe," alisema. "Sijawahi kufika Nakuru. Sijawahi kutoka Eldoret."

Hakuna aliyemcheka. Nasambu anasema hapo ndipo moyo wake ulikaribia kulegea, kwa sababu mtoto alikuwa amesema ukweli.

Kisha Ciku akavua kofia ya Bwana Mfereji. "Lakini madam, si hiyo ndiyo peremende?" aliuliza. "Tukilipa, kuna shule iko kwa foleni na tutaipita. Na wao pia wamefanya mazoezi."

Mikono ikainuliwa. Wengi walikataa kulipa. Lenny hakuinua wake, na mwalimu alimshukuru kwa kusimamia alichofikiri. Mzee Nderitu akaenda kuketi ukumbini.

Kwa mujibu wa utaratibu wake mwenyewe, Nasambu alipaswa kutafuta mkubwa wa kumwambia. Alijaribu. Lakini majaji walikuwa wamezuiwa kuzungumza na walimu hadi mashindano yamalizike, na aliyelinda mlango wao alikuwa Lennox mwenyewe.

Zamu yao ikafika.

*Bomba la Mtaa* lilianza vizuri. Watu walicheka mtungi wa Lenny ulipovuja jukwaani. Mama mmoja katika mchezo akaja na ndoo, akamsihi Bwana Mfereji amfungulie maji kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Katika maandishi ya Nasambu, Bwana Mfereji anajibu, "Leta chai kwanza."

Ciku hakusema hivyo. Alirekebisha koti la babu yake, akaegemea bomba, akatazama ukumbi.

"Mama, ndoo yako ni nzuri," alisema kwa sauti ya upole. "Lakini si unajua vile mambo huenda. Koo zimekauka. Hata redio iwe nzuri namna gani, bila betri haiongei."

Nyuma ya pazia, Nasambu alishika ukuta.

Kisha upande wa kushoto, mwalimu mmoja akapasuka kicheko. Akafuata wa pili, safu ya nyuma. Kicheko kikaruka kutoka shule hadi shule, lakini kilikuwa kicheko cha walimu tu. Watoto na wazazi walikuwa wakitazamana, wasijue kinachochekwa.

Mwigizaji wa mama mwenye ndoo, ambaye naye hakuwa ameambiwa, hakubabaika. Alifanya alichofunzwa darasani. "Nitangoja zamu yangu," alijibu kwa sauti ya kawaida. "Na wewe unaitwa nani, bwana?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee Nderitu anasema alitamani kujificha chini ya kiti. "Kisha nikajikuta nimesimama. Sijui niliinuka saa ngapi. Nilikuwa napiga makofi mpaka mikono inaniuma, na koti ni langu."

Mchezo ulipokwisha, jaji mkuu, Bi Wanja Mungai, mwalimu mstaafu anayejulikana kwa ukali wake, alichukua kipaza sauti. Hakutangaza shule inayofuata.

"Nimeona walimu wakicheka mahali ambapo sikuona kichekesho," alisema. "Naomba mmoja wenu anieleze."

Nasambu alikuwa tayari ametoka nyuma ya pazia ili aseme, lakini mwalimu yule aliyecheka wa kwanza alimtangulia. Aliinuka na kusema kwamba maneno ya redio na betri yeye pia aliambiwa asubuhi hiyo, nje, na kwamba alilipa. Mwingine akainuka. Kisha mwingine, aliyesema hakulipa kwa kukosa pesa tu.

Bi Wanja aliwatazama majaji wenzake wawili. "Mimi koo langu liko sawa," alisema. "Hakuna aliyeniletea hata maji."

Ndipo ikabainika kwamba majaji hawakuwa wakijua lolote. Majina yao ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa. Watu walipogeuka kumtafuta Lennox, mlango wa pembeni ulikuwa umeachwa wazi.

Waandalizi waliomba radhi na kuahidi kuwarejeshea walimu pesa zao. Alama zote zilisomwa hadharani, jaji mmoja baada ya mwingine, na mzazi mmoja akizijumlisha ubaoni mbele ya kila mtu. Watoto wa Kimumu walishikana mikono safu nzima. Shule ya kwanza ilipotajwa, haikuwa yao. Lenny aliinamisha kichwa.

Ya pili ilikuwa yao.

"Sikumbuki vizuri kilichofuata," anasema Nasambu. "Nakumbuka Lenny amenirukia na poda yote ya uso wake ikabaki kwa nguo yangu."

Mwandishi alipompigia Lennox simu, alisema hana la kuongeza na kwamba "hayo yaliisha". Waandalizi wanasema hafanyi kazi nao tena na kwamba suala hilo wamelipeleka kwa mamlaka husika.

Kwa Nasambu, halikuisha. Walimu wa shule nyingine wameanza kumpigia simu wakitaka kuona somo la foleni. Jumamosi iliyopita alilifanya katika shule mbili, na Mzee Nderitu ndiye aliyetoa unga. Mzee huyo anasema sasa wateja wanamtania dukani, wakimwuliza kama wanauziwa kwa zamu au kwa betri.

"Mjukuu wangu amenigeuza hadithi," anasema huku akijaribu kukunja uso. "Lakini wiki jana nilienda ofisi fulani kutafuta leseni, mtu akaanza kuzungukazunguka na maneno. Nikamwuliza anaitwa nani. Leseni ilitoka siku hiyo hiyo. Niliogopa, kusema ukweli."

Ciku, anapoulizwa kwa nini alibadilisha maneno jukwaani, anainua mabega. "Madam alisema tukiogopa tumwambie mkubwa tunayemwamini, neno kwa neno. Wakubwa wote walikuwa ukumbini."

Fainali ya Nakuru ni mwisho wa mwezi huu. Jioni hii, baada ya masomo, kikundi kinafanya mazoezi uwanjani na Lenny anatembea ubavuni mwa mwalimu akimwuliza kama kweli Timboroa, njiani kwenda Nakuru, kuna ukungu hata mchana, na kama basi litasimama wauone. Mama Nelima naye amekwisha kushonewa kitenge cha safari. Atakaa safu ya mbele, upande wa kushoto, ili jicho lake zima, la kulia, lione jukwaa lote.

Nasambu ana mpango wa kuanzisha kikundi cha aina hii katika kila shule ya Kimumu kabla ya mwaka kwisha, kisha avuke hadi mitaa mingine. Hajui pesa zitatoka wapi. Kuhusu ajira yake ya kudumu, anasema bado anangoja, na ikija itakuja kwa jina lake na vyeti vyake.

Anapoulizwa kama kushinda Nakuru ndiyo ndoto yake kubwa, anatikisa kichwa na kuwatazama watoto wanaokimbizana na ndoo uwanjani.

"Siku moja mmoja wa hawa ataketi nyuma ya meza," anasema. "Mama fulani asiyejuana na mtu yeyote atakuja mbele yake. Mimi sitakuwepo kuangalia. Nataka huyo mama ahudumiwe tu, kisha aende zake nyumbani akapike."